Mbwa Hafundishwi Kuuma, Hufundishwa Kuacha

Kwenye mageti mengi ya Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam kimetundikwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili hukereka, kwa sababu mbwa ni mkali, si kali. Lakini kasoro kubwa ya kibao hicho haimo katika sarufi. Imo katika sifa kilichoichagua. Anayekwenda kununua mbwa wa kulinda nyumba huuliza swali hilo hilo la kibao: je, ni mkali? Ni wachache wanaouliza kama anasikia. Tumejijengea imani kwamba ulinzi ni ukali, kwamba ukali huo mbwa hanao mpaka atiwe, na kwamba kazi ya mafunzo ni kuutia. Hoja ya makala haya ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya ulinzi unaoutafuta mbwa amezaliwa nayo, wala huhitaji kumlipa mtu amfundishe. Asichozaliwa nacho ni uwezo wa kujizuia pale unapotaka ajizuie, na hicho ndicho cha kutolea muda wako, subira yako na fedha yako.

Tuanze na alichozaliwa nacho. Mbwa amekaa na binadamu muda mrefu kuliko ng'ombe, mbuzi au kuku. Huko Bonn-Oberkassel nchini Ujerumani yalifukuliwa mabaki ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu miaka ipatayo 14,000 iliyopita. Katika muda wote huo ameishi pembezoni mwa makazi yetu, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa si kupigana bali kupiga kelele. Sikio lake hunasa sauti nyembamba hadi kiasi cha hezi 45,000, ilhali letu hukoma karibu na 20,000, na pua yake humwambia nani amepita ukutani usiku hata kama hakumwona. Akifikia utu uzima, kwa kawaida kati ya miezi sita na miaka miwili, huanza kubwekea kisichozoeleka katika eneo analoliona kuwa lake. Hakuna aliyemfunza. Tazama mbwa wa maboma ya wafugaji: hawajapita kwa mkufunzi yeyote, hawana ukoo wa kujivunia, na hakuna anayetegemea wapambane na simba. Hubweka, watu wakaamka. Utafiti uliofanyika Laikipia na maeneo jirani nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2007 na Rosie Woodroffe na wenzake, ulionyesha kuwa maboma yenye mbwa yalikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuvamiwa na wanyama wakali. Ile kelele ya mbwa wa kawaida, ikifuatiwa na binadamu mwenye tochi, ilikuwa na thamani yake.

Mwizi wa mjini hana tofauti kubwa na fisi katika jambo hili. Watafiti wa uhalifu waliowahoji wezi wa majumbani huko Texas, Paul Cromwell na wenzake, waliambiwa kwamba mbwa ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya mwizi aipite nyumba. Mbwa mkubwa aliogopwa kwa meno yake, na mdogo aliogopwa kwa mdomo wake, kwa kuwa anawaamsha majirani. Mwizi anataka kuingia na kutoka bila kuonekana, na mbwa anayebweka amekwisha kuivunja mipango hiyo kabla hajamgusa mtu. Basi ukiweka kando hadithi za sinema, kazi ambayo familia ya kawaida inaihitaji kwa mbwa wake ni mbili tu: atoe habari mapema, na uwepo wake umfanye mtu mwenye nia mbaya asite. Zote mbili silika inazitosheleza. Swali linalobaki ni silika hiyo hiyo inafanya nini saa nyingine ishirini na tatu ambapo hakuna mwizi.

Hapo ndipo penye mgogoro. Silika haijui wema na ubaya. Inajua kilichozoeleka na kisichozoeleka, kilicho karibu na kilicho mbali, kinachokimbia na kilichosimama. Kwa mbwa, msoma mita anayeingia bila kubisha hodi, shangazi aliyefika kwa basi la usiku akiwa na mizigo kichwani, na kijana anayeruka ukuta ni kundi moja: wageni walioingia. Tena tunachokiita silika ya ulinzi si kitu kimoja. Kuna kulinda eneo, ambako mbwa hujitanguliza na kubweka ili mgeni aondoke. Kuna hofu, ambayo humfanya aume kwa kuwa hana pa kukimbilia. Na kuna uwindaji, ule mfululizo wa kulenga, kunyatia, kukimbiza na kukamata alioueleza vizuri mtaalamu wa mbwa Raymond Coppinger, ambao huamshwa na chochote kinachokimbia: kuku, mbuzi, bodaboda, mtoto anayefukuzana na wenzake uani. Mambo haya matatu yana vyanzo tofauti, lakini yote yanaweza kuishia kwenye meno. Mwenye mbwa husema "mbwa wangu ni mlinzi mkali" akimaanisha la kwanza, wakati alichonacho mara nyingi ni la pili. Mbwa mwenye hofu huonekana shujaa nyuma ya geti. Ukilifungua, anamrukia aliye dhaifu kuliko wote, na katika nyumba nyingi huyo ni mtoto.

Hofu hiyo mara nyingi tumeitengeneza wenyewe. Imeenea desturi ya kumfungia mtoto wa mbwa bandani tangu anapoletwa, asione watu, asiguswe na wageni, kwa imani kwamba upweke utamfanya awe mkali. Wengine humchokoza kwa fimbo au kumlisha pilipili. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha majaribio waliyoyafanya katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kukutanishwa na watu, kisha wakatolewa kwa nyakati tofauti ili wazoeshwe. Waliozoeshwa wakiwa na wiki chache walikuwa wepesi kumfuata binadamu. Wale walioachwa hadi wiki ya 14 bila kumzoea mtu walibaki kama wanyama wa porini, na kuwarudisha ikawa kazi ngumu. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizofuata, wataalamu wamekubaliana kwamba dirisha la kuzoea huwa wazi tangu wiki ya tatu hadi kati ya wiki ya 12 na 14. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa na mbwa mawazoni, lakini ni vigumu kupata mfano unaowathibitisha vizuri kuliko huu. Anayemfungia mtoto wa mbwa kwa wiki hizo hajengi mlinzi. Anamnyima nafasi ya kujua yupi wa kawaida, na asiyejua wa kawaida hawezi kumtambua asiye wa kawaida.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: mchukue mtoto wa mbwa akiwa na wiki nane hivi, si kabla, kwa kuwa wiki za mwanzo mama na ndugu zake humfundisha kupima nguvu ya meno yake, na kuanzia siku hiyo jiwekee orodha ya vitu ambavyo lazima avione kabla dirisha halijafungwa. Aone wanaume wenye ndevu na wanawake waliovaa baibui. Aone kanzu, kofia ya pikipiki, mwavuli, mkongojo, sare ya askari, mtoto anayelia na mtoto anayekimbia. Asikie honi, adhana, kengele, radi, jenereta na ngoma. Kila jambo liambatane na kitu kizuri, kipande cha dagaa au cha nyama, na kama anaonyesha woga, mrudishe nyuma hatua kadhaa badala ya kumlazimisha. Daktari wa mifugo atakuonya, kwa haki kabisa, kwamba katika wiki hizi chanjo dhidi ya distempa na parvo hazijakamilika. Jibu si kumfungia bali kumbeba. Mpakate, mwonyeshe mtaa akiwa mikononi, waite wageni waje kwako, na umwepushe na sehemu zinazopitwa na mbwa usiowajua afya yao.

Hapa msomaji atapinga: mbwa aliyezoeshwa kila mtu si atamkaribisha mwizi kwa kumtikisia mkia? Pingamizi hili ni zito, na wengi huliona kuwa limefunga mjadala. Lakini linachanganya kuzoea watu na kutojali eneo. Mbwa aliyeona watu wa kila aina mchana, akiwa na wewe, hajaambiwa kwamba mtu anayetambaa juu ya paa saa nane usiku ni wa kawaida. Kwa hakika ndiye mwenye kipimo kizuri zaidi cha kumwona kuwa si wa kawaida, kwa kuwa hajaumaliza ubweko wake kwa wapita njia mia mbili waliotangulia. Mbwa anayebwekea kila kitu ni sawa na king'ora kinacholia kila mvua inaponyesha: wiki ya pili hakuna anayeamka. Ushahidi mwingine unatoka Namibia, ambako tangu mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki wa kulinda mbuzi na kondoo. Mbwa hao hawafundishwi chuki dhidi ya duma au chui. Huwekwa zizini wangali wachanga, wakalala na mbuzi na kukua nao mpaka wakaliona kundi lile kuwa ndilo jamaa zao. Ulinzi wao unaota kwenye mapenzi kwa wanachokilinda. Mbwa wa familia ni hivyo hivyo: humlinda anayeishi naye. Yule anayetupiwa ugali kupitia tundu la banda hana familia ya kuilinda, ana tundu.

Ushahidi wa pili unatoka kwa watu ambao hakuna awezaye kuwaita wapole. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd nchini Ujerumani, chini ya chama kilichoanzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz, walibuni mtihani wa mbwa wa ulinzi uliojulikana kama Schutzhund. Una sehemu tatu: kufuata harufu, utiifu na ulinzi. Katika sehemu ya ulinzi mbwa hutumwa kumtafuta mtu aliyejificha. Akimkuta amesimama kimya, hatakiwi kumng'ata. Anatakiwa asimame mbele yake na kubweka mpaka mwenyewe afike. Akiruhusiwa kushika mkono uliovikwa kinga, lazima auachie mara tu anapoambiwa. Asiyeachia huanguka mtihani hata kama alishika kwa nguvu za kutisha. Ona walichokipima. Nguvu ya kushika waliichukulia kuwa ipo. Kilichomtenganisha mbwa wa kazi na mbwa wa hatari ni kuacha.

Na wala si lazima twende Ujerumani kuipata kanuni hiyo. Waislamu wa pwani waliosoma fikihi ya Kishafii wanaijua kwa karne nyingi katika mlango wa uwindaji. Sura ya Al-Maida, katika aya yake ya nne, inahalalisha kinachokamatwa na wanyama wawindaji waliofundishwa, na mafakihi wakalazimika kueleza ni mnyama gani anastahili kuitwa aliyefundishwa. Masharti waliyoyataja ni kwamba akitumwa aende, akikemewa asite, akikamata asile, na mambo hayo yajirudie mpaka yasiwe bahati. Kati ya masharti hayo, moja tu linahusu kushambulia. Mengine yanahusu kujizuia. Najua kwamba kwa wasomaji wengi wa upwa wetu mbwa ni suala la najisi kabla ya kuwa suala la usalama, na kwamba mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kila mmoja ana mwanachuoni wake wa kumuuliza. Lakini mapokeo yale yale yanayoweka mipaka hiyo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wapo wanazuoni walioulinganisha ulinzi wa nyumba na kazi hizo. Anayefuga kwa ruhusa ya kazi ana sababu zaidi ya kuhakikisha kwamba mbwa wake ni wa kazi kweli: ana banda lake nje, ana zamu yake, na anasita akikemewa.

Basi mafunzo yenyewe yakoje? Kwa familia yanatosha maneno matano, nayo yachaguliwe mapema na kukubaliwa na nyumba nzima: njoo, kaa, acha, kimya, bandani. Baba akisema "njoo", mama "kuja" na dada wa kazi "kam", mbwa atafuata neno analolipenda yeye. Fundisha kwa vipindi vifupi vya dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya chakula akiwa na hamu. Tuzo ije papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, kwa kuwa mbwa huunganisha tuzo na tendo la mwisho alilolifanya. Kumpa nyama baada ya dakika nzima ni kumlipa kwa kukuna sikio. "Acha" hufundishwa kwa kubadilishana: mpe mfupa wa kawaida, mwonyeshe kilicho bora, sema neno, akiachia mpe kile bora na baadaye mrudishie ule wa kwanza. Atajifunza kwamba kuachia si hasara. "Kimya" hufundishwa mbwa akiwa anabweka. Msogelee, tazama anachokitazama, mpongeze, kisha sema neno hilo na umpe tuzo anaponyamaza. Usimkaripie kwa kubweka, maana umekata mshipa wa ulinzi wenyewe. Unachomfunza ni kwamba habari imefika na sasa zamu ni yako. Na "bandani" lizoezwe kila mgeni anapobisha hodi, mpaka mlio wa geti wenyewe uwe ndio amri.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni malezi ya kizungu na kwamba mbwa wa hapa anaelewa fimbo. Ni kweli kwamba fimbo hufanya kazi kwa maana moja: mbwa huacha alichokuwa akifanya mbele ya mwenye fimbo. Lakini hesabu bei yake. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya dodoso walilowapa wenye mbwa waliofika kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Hata kumkazia macho au kumlaza chali kwa nguvu kuliwaletea karibu theluthi moja matokeo kama hayo. Pia fimbo inafundisha jambo ambalo hukulikusudia. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, na hapo umeondoa onyo, si hasira. Siku nyingine ataanza na jino. Nadharia ya kwamba lazima umtawale mbwa kama mbwa mwitu dume anavyowatawala wenzake ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, kama wale ambao Rudolf Schenkel aliandika kuwahusu mwaka 1947. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilichangia kuieneza, baadaye aliikana alipowafuatilia wakiwa huru, akaona kwamba kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hata kwa kipimo cha porini, basi, kiongozi ni mzazi.

Jambo linaloandamana na fimbo ni mnyororo. Desturi ya kumfunga mbwa mchana kutwa na kumfungulia usiku ina mantiki yake katika viwanja vidogo, lakini ushahidi hauiungi mkono. Kenneth Gershman na wenzake walipolinganisha mbwa waliouma na wasiouma huko Denver, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, waliouma walielekea zaidi kuwa madume, wasiohasiwa, na wanaofungwa mnyororo uani. Mnyororo humwondolea mbwa hiari ya kuondoka, na mnyama asiye na pa kwenda huchagua kushambulia. Kama huna uzio, jenga banda lenye uwanja mdogo wa wavu, kivuli na maji, mahali anapoweza kuona geti lakini watoto wa mtaani wasiweze kumrushia mawe. Na kila siku atoke atembezwe, kwa sababu nguvu isiyotumika haipotei.

Liko jambo moja ambapo mafunzo yanapingana na silika uso kwa uso, na hapo ukweli usemwe bila kupambwa. Mbwa ni mlaji wa vilivyookotwa. Tumbo lake limeishi na mabaki yetu kwa maelfu ya miaka. Wezi wanalijua hilo, na ndiyo maana hurusha nyama yenye sumu usiku mmoja au miwili kabla ya kuja. Unaweza kumzoesha kula katika bakuli lake tu, baada ya kuambiwa, na kuacha chochote kilicho chini. Unaweza kuwaomba watu asiowajua wamdondoshee chakula huku umemshika kwa kamba, na akikipuuza umlipe vizuri zaidi. Mazoezi haya hupunguza hatari, lakini hayaimalizi, na mkufunzi anayekuahidi mbwa asiyekula cha mgeni kamwe anakuuzia ndoto. Kwa hiyo saidia mafunzo kwa akili: mshibishe jioni, maana mbwa mwenye njaa hana maadili, banda liwe mbali na ukuta wa barabarani, na asubuhi kagua uwanja kabla hujamfungulia. Silika tusiyoweza kuishinda tuizungushie ukuta.

Wengine wataona kwamba mjadala wote ungekwisha kwa kununua damu inayofaa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wa Afrika Kusini, au Malinois wa Ubelgiji ambaye sasa ndiye fasheni. Damu ina uzito wake. Huwezi kumfanya kila mbwa achunge kondoo. Lakini inabeba kidogo kuliko bei inavyodai. Utafiti wa Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao uliochapishwa mwaka 2022, ukihusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa mbegu ilieleza takribani asilimia tisa tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Malinois aliyelelewa bila kazi ni tatizo lenye miguu minne, na koko aliyelelewa vizuri hubweka kwa sauti ile ile, hula kidogo na hustahimili kupe na jua letu. Badala ya kutafuta cheti cha ukoo, mtazame mama wa watoto hao. Kama haruhusu mgeni yeyote amkaribie hata mwenyewe akiwepo, watoto wake wana uwezekano mkubwa wa kurithi woga ule kwa damu na kwa kuiga.

Vipi basi kuhusu mafunzo ya kushambulia? Polisi wanayatumia, kampuni za ulinzi zinayatumia, kwa nini baba mwenye nyumba asiyatumie? Kwa sababu mbwa wa polisi haachiwi aamue. Amechaguliwa kati ya wengi, ana mtu mmoja aliyefunzwa pamoja naye, hurudia mazoezi maisha yake yote ya kazi, na zamu ikiisha hufungiwa. Mbwa wa nyumbani hushinda na watoto, dada wa kazi na wageni, wakati mwenye amri yuko kazini au amekwama kwenye foleni. Ukimfundisha kuuma umempa silaha na kumkabidhi pia ufunguo wake. Wenye sababu ya kweli ya kuhitaji kiwango hicho, wanaotishwa kwa mfano, waanze na mbwa aliyekwisha kufuzu utiifu, wakae darasani wenyewe badala ya kumpeleka mbwa peke yake na kumpokea baada ya miezi mitatu, na waone kwa macho yao akiachia kwa neno moja. Mkufunzi anayekuonyesha mbwa akirarua tu, bila kukuonyesha akiachia, amekuonyesha nusu iliyo rahisi.

Tena jino la mbwa katika nchi zetu halina maana ya kidonda tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kadi yake itunzwe kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Akimuuma mtu yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Watoto nao wana mafunzo yao: wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye vitoto, na wakikimbiliwa wasimame kama mti, mikono kifuani, macho chini. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule uliyemlea mwenyewe kwa mikono yako.

Ukitaka kujua umefika wapi, hakuna haja ya kumwita mtaalamu. Subiri mgeni abishe hodi jioni. Mbwa atabweka, na ni haki yake. Toka, tazama ni nani, sema "kimya", kisha "bandani". Akinyamaza na kwenda, hata kwa kununa, una mlinzi, awe koko au wa ukoo. Asiponyamaza, na ukajikuta umeng'ang'ania ukanda wake kwa mikono miwili huku ukimpigia mgeni kelele asiingie kwanza, basi kibao cha getini kimesema kweli, lakini aliye zamu hapo ni wewe.